Kichaka Kilichofagiwa

Mgeni akiingia shambani kwa Kache, pale Adu, hatazamwi uso kwanza. Hutazamwa mikono. Akiwa na panga ataulizwa anataka kukata nini, na akijibu vizuri atapewa kiti. Akiwa na mche wa mti, hata uwe mdogo kiasi gani, ataombwa auache nje ya ua, na mpaka anaondoka Kache atakuwa akiuchungulia kuona kama bado uko palepale.

Sababu anayo. Alizaliwa Gede, na kwa makadirio yake mwenyewe sasa ana miaka hamsini na minane. Baba yake alikuwa na shamba zuri karibu na barabara, akamwazima mtu mmoja mwenye adabu sana kipande cha kulima mahindi. Mtu yule alilima misimu mitatu. Msimu wa nne akapanda mikorosho saba mpakani, akasema anataka kivuli cha kupumzikia. Baba hakukataa, na kila mavuno aliletewa kikapu cha korosho. Miaka kumi na mbili baadaye kukazuka ugomvi wa mpaka, na wazee waliokuja kuamua waliuliza swali moja tu: mikorosho hii kaipanda nani? Baba hakuweza kusema uongo. Familia ilihamia bara ya Adu na vyombo vyake vya jikoni.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mahindi huvunwa yakaisha, na muhogo hung'olewa, lakini mti unaodumu ni wa aliyeupanda, hata ukiwa katika ardhi ya mwingine. Mwenye mti ana haki ya njia ya kuufikia, na aliyepita njia ile miaka kumi ana neno la kusema siku ya maneno. Kwa hiyo mtu akiazimwa shamba huambiwa mapema, mbele ya shahidi, asipande mti. Kache humwambia sharti hilo kila anayemkodishia hata robo ekari ya ufuta.

Shamba lenyewe ni ekari kumi na moja. Mumewe, Sanga, alifariki miaka tisa iliyopita na kumwachia zote, ingawa kwa maneno tu, kwa kuwa hati haikuwapo. Ekari nane hulimwa. Tatu za chini, kuelekea mkondo mkavu wa maji, ni kichaka kizito ambacho hakijawahi kufyekwa: miti ya mirihi, migurure, mibambakofi mikubwa minne, na chini yake vijiti na majani makavu yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Humo Kache hutafuta fito za kujengea, kuni na dawa ya tumbo. Ana namna yake ya kukata. Hakati mti mpaka chini. Hukata kwa kimo cha goti, mshazari, ili maji ya mvua yasitulie juu ya kisiki kikaoza, na kisiki kilichokatwa leo hakirudiwi kabla ya miaka minne. Pembe moja tu hakuigusa kabisa, nusu ekari hivi upande wa barabara, kwa sababu Sanga alikuwa ametundika mizinga yake huko na nyuki hawapendi kelele za panga. Mambo haya hakuwahi kuyaita uhifadhi. Aliyaita kwenda kutafuta fito.

Neno uhifadhi lililetwa na Purity, mwezi wa Mei mwaka jana. Purity ni msichana wa bara aliyeajiriwa na mradi mmoja wenye vyumba viwili vya kupanga mjini Malindi. Aliamkia vizuri, akakaa chini vizuri, na mikononi hakuwa na kitu ila daftari. Alieleza kwamba wenzake waliokuwa wakipita mkondoni wameona ndani ya kichaka cha Kache viota vya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye hujenga kwa kukusanya majani makavu kichungu kimoja na kujificha chini yake. Pia wamesikia sauti ya bundi mdogo ambaye, kwa maneno ya Purity, hapatikani duniani ila katika misitu michache ya pwani hii. Alipotaja bundi uso wake ulichangamka. Kache alimtazama kwa makini kuliko mwanzo. Alikuwa hajakutana na mtu aliyefurahi kusikia kwamba bundi amelia karibu na nyumba.

Purity aliomba mambo matatu: waruhusiwe kuja kuhesabu wanyama mara nne kwa mwaka, Kache atie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba kichaka hakitafyekwa, na mradi upande miche mia tatu ya miti ya asili katika nafasi zilizo wazi. Aliona uso wa mwenyeji wake umebadilika, akadhani ni hofu ya kazi.

"Wewe hutasumbuka, mama," alisema. "Vijana wetu watapanda wenyewe."

"Watapanda wao?"

"Wao wenyewe. Kazi yako ni kukaa tu uwatazame."

Kache alimwambia kwamba baba yake naye alikaa akatazama. Purity hakuelewa, na Kache hakumfafanulia. Karatasi ilirudi Malindi bila sahihi. Kuhesabu alikubali, kwa sharti kwamba yeye atakuwa nyuma yao hatua mbili, kuanzia wanapoingia hadi wanapotoka, na lolote litakaloandikwa asomewe palepale.

Wiki sita baadaye chifu alitangaza barazani kwamba upimaji wa ardhi wa sehemu ile ungeanza Septemba. Afisa wa ardhi na kamati ya wazee wangepita shamba kwa shamba, waandike nani ana nini, na mwisho wake hati zingetolewa. Mtu ambaye Kache alimtazama wakati chifu akisema maneno hayo ni Garama, mdogo wake Sanga, aliyekuwa amesimama nyuma na mikono mfukoni, akitabasamu.

Garama ni mchoma makaa na ni mtu wa mzaha, wengi humpenda. Alifika kwa Kache siku ya tatu, akaketi bila kuambiwa.

"Mlamu, wale watu wa bundi wameshakuandikia?"

Kache alisema hakuna kilichoandikwa.

"Wataandika. Mnyama akishaandikwa ardhi inakuwa yake. Sange akipata hati kabla yako, usinilaumu."

Kisha akaingia katika lililomleta. Kichaka kile, alisema, hakijafyekwa na mtu yeyote, si Sanga wala mkewe. Ni kichaka cha baba yao, na anayefungua kichaka ndiye mwenyewe, hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kamati ikikikuta vile itaandika kwamba ni ardhi tupu. Lakini yeye, kwa mapenzi ya marehemu kaka yake, yuko tayari kumfyekea, achome makaa, apande mikorosho, na kamati ikija ikute shamba la mtu.

"Jina litakuwa lako," alisema. "Jasho langu."

"Na mikorosho?"

Garama alicheka, akasema mikorosho itakuwa ya ukoo.

Kwa hiyo Kache alijikuta kati ya watu wawili ambao wote walitaka kumpandia, na wote walisema ni kwa faida yake. Siku chache baadaye aliwaona pamoja dukani, Garama akimwonesha Purity kitu kwa kidole upande wa mkondo. Alipomuuliza muuza duka aliambiwa kwamba Garama alikuwa akiuliza kama mradi unanunua nguzo. Hakuamini. Tangu siku hiyo alimhesabu Purity na Garama kuwa kitu kimoja, na kila alilosikia kwa mmoja alilipima kwa alilosikia kwa mwingine.

Mwezi wa Julai alisafiri hadi Gede kumwona Zuleikha, rafiki yake wa utotoni, ambaye shamba lake linapakana na msitu wa serikali na ambaye alikuwa amekubali miche ya mradi mwingine kama huu miaka mitano nyuma. Zuleikha alimpikia, akamjibu kila swali. Hapana, hawajachukua kitu. Hapana, hawajaleta kitu pia, ila mizinga sita, na minne haina nyuki. Miti imekua. Watoto hula ukwaju. Kache aliomba kuiona, na walipofika mpakani alikuta kibao cha bati kimesimamishwa juu ya nguzo mbili za saruji. Hajui kusoma vizuri, lakini herufi za majina anazifahamu. Alimuuliza Zuleikha jina lake liko wapi hapo.

"Langu halipo," Zuleikha alisema. "Hilo ni jina la mradi. Na la waliotoa msaada."

"Shamba la nani?"

"Langu, mwenzangu. Kila mtu anajua."

Kache aliitazama ile saruji na kimo chake. Alisema kila mtu alijua pia kuhusu shamba la baba yake. Zuleikha akasema kwamba mtu akikaa na shaka zote hizo hawezi kulala. Kache akamjibu kwamba yeye hulala vizuri, ila hulala akijua vitu vyake viko wapi.

Aliporudi Adu alikuwa ameshaamua. Kama kitu kinachotakiwa ni mti uliopandwa, atapanda yeye. Alinunua miche arobaini ya mikorosho, na kwa siku nne aliishindilia ndani ya kichaka, chini ya mirihi, mahali ambapo jua halifiki. Mkulima kama yeye alijua kwamba mkorosho hauzai kivulini. Hakuwa anapanda korosho. Alikuwa anapanda ushahidi.

Halafu akatazama akaona bado kichaka kinaonekana kichaka. Miche ilipotelea katika vijiti na majani. Mtu angepita hatua mbili kutoka kwenye mche asiuone. Ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo majirani hulisimulia. Alikata mafagio matatu ya vijiti, akaanza kufagia. Mahali pa mtu hufagiwa. Ua ambao haujafagiwa hadi saa mbili asubuhi watu huuliza kama kuna mgonjwa. Alifagia kutoka mkondoni kwenda juu, ekari mbili na nusu, kwa muda wa siku kumi na moja, akikusanya majani chungu chungu na kuyachoma. Kila chungu cha majani alichokikuta alikisambaza. Aliacha ile nusu ekari ya mizinga tu, kwa mazoea. Alipomaliza, ardhi chini ya miti ilikuwa nyekundu na safi, ina mistari ya ufagio, na mikorosho arobaini ilionekana wazi yote. Aliridhika.

Purity alikuja kuhesabu mwishoni mwa Agosti. Aliingia hatua kama kumi akasimama. Akawa anageuka huku na huku, na Kache, aliyekuwa nyuma yake hatua mbili kama kawaida, alishangaa kumwona anafuta macho.

Purity aliuliza majani yako wapi. Kache akamwonesha majivu. Ndipo Purity alipomweleza tena, polepole, jambo alilokuwa amelisema mwezi wa Mei na ambalo Kache alilisikia bila kulizingatia: vile vichungu vya majani ndivyo nyumba za sange. Mwezi wa Mei walihesabu viota saba. Sasa walitembea kwa saa tatu, wakapata vitatu, vyote katika ile nusu ekari isiyoguswa.

"Mama, nani alikwambia ufanye hivi?"

Kache alisema hakuna aliyemwambia. Aliona uchungu wa yule msichana ni wa kweli, na hilo lilimsumbua kwa namna mbili. Alimsikitikia. Na alijiuliza ni kwa nini mtu wa Malindi alie kwa ajili ya majani ya shamba lisilo lake, kama hana lolote ndani yake.

Kamati ilifika tarehe kumi na nane Septemba, Alhamisi, saa nne asubuhi. Afisa aliitwa Abdulhadi, mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha mjini. Pamoja naye walikuwa karani mwenye panga la kufungulia njia na wazee watano wa kamati, na miongoni mwao Mzee Pola, aliyechoma makaa maisha yake yote na ambaye Garama alijifunza kazi kwake. Purity naye alikuja. Alimvuta Kache pembeni akamwambia yuko tayari kusimama mbele ya kamati aeleze kwamba Kache ametunza kichaka hiki, na kwamba kina wanyama wa thamani, ana kumbukumbu zote. Kache alimshika mkono. Akamwambia kwamba akitamka neno thamani mbele ya mtu wa serikali, kichaka kitakuwa cha serikali kabla jua halijazama. Akamwamuru akae barabarani asifungue mdomo. Purity alitii.

Garama alitoa madai yake kwa ufupi na kwa heshima. Ekari tatu hazijafyekwa. Ni za baba yao. Yeye ndiye mtoto wa kiume aliyebaki.

Abdulhadi aliingia, akausogelea mkorosho wa kwanza, akauinamia. Ulikuwa na majani sita.

"Huu umepandwa lini, mama?"

"Nimeupanda mimi."

"Sikuuliza nani. Nimeuliza lini."

"Afisa, udongo wake bado unapumua," Garama alisema, na wazee wawili wakacheka. Abdulhadi alitazama mistari ya ufagio iliyokwenda mpaka mbali chini ya miti, akauliza kwa upole kama hapa pana arusi.

"Arusi ni mwakani," Garama alijibu. "Mwaka huu anafagia, mwakani anatandika mikeka."

Sasa walicheka wote, hata afisa. Kache hakucheka. Alikuwa anamtazama Mzee Pola, ambaye hakuwa na wenzake tena. Pola alikuwa amechutama peke yake kando ya mgurure, akikwaruza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Akainuka, akaenda kwenye mti mwingine, akachutama tena. Alirudia hivyo mara nne au tano, na kila alipoinuka alishika kiuno. Kache alidhani anatafuta la kumsaidia nalo mwanafunzi wake.

"Garama," mzee aliita. "Njoo unioneshe kisiki ulichokata wewe humu."

Garama alisema yeye hajakata kitu, ndiyo maana anasema ni kichaka kitupu.

"Na kaka yako?"

"Sanga alikuwa mtu wa nyuki. Panga lake lilikuwa la kufungulia nazi."

"Basi hivi vimekatwa na nani?" Pola alionesha kisiki cha kwanza, kisha cha pili. Kwa kuwa majani yalikuwa yameondolewa, vilionekana vyote, vimetapakaa kichakani kote. Hiki, alisema, ni cha mwaka jana, jeraha bado jekundu. Hiki kina machipukizi ya miaka minne, unene wa fito. Hiki kimekatwa, kikachipua, kikakatwa tena, kikachipua tena, kina miaka kumi au zaidi. Vyote kwa kimo cha goti. Vyote mshazari, na mshazari wake unaelekea upande mmoja, ambao si upande wa mtu wa kawaida. "Aliyekata humu ni mmoja," alimwambia afisa. "Na ni mtu wa mkono wa kushoto."

Abdulhadi alimpa Kache panga la karani. Kache alilipokea kwa mkono wa kushoto.

Afisa aliandika kwa muda, akauliza jina la baba yake Kache, akaandika tena. Kache alitazama kalamu ikienda na hakuthubutu kufurahi, na hilo lilikuwa jambo la busara, kwa sababu walikuwa hawajamaliza. Walipanda juu kuelekea barabarani, wakafika kwenye pembe ya mizinga. Hapo majani yalifika kwenye kifundo cha mguu, na matawi yalikuwa yamefungana. Pola alizunguka mara moja, akazunguka tena. Alirudi akitikisa kichwa.

"Hapa sioni mkono wa mtu," alisema.

Kache alieleza kuhusu nyuki. Abdulhadi aliuliza mizinga iko wapi. Ilikuwa imeoza na kuanguka miaka mingi iliyopita, na mchwa walikuwa wamemaliza kilichobaki.

"Kwa hiyo hapa ulifanya nini, mama?"

"Nilipaacha."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Nilipaacha makusudi."

Abdulhadi alimtazama kama mtu anayetaka kusaidia asione njia. Alisema kuacha hakuoneshi kitu, kwamba hata asiye na shamba ameacha. Wazee walijadiliana pembeni kwa kama robo saa. Ekari mbili na nusu ziliandikwa kwa jina la Kache. Nusu ekari ya barabarani, kwa kuwa haikuwa na alama ya kazi ya mtu yeyote, ilihesabiwa kuwa ya baba yake Garama na kuandikwa kwa Garama mwenyewe. Mtu asiyeridhika alikuwa na siku sitini za kuweka pingamizi.

Barabarani Purity alikuwa amesikia yote. Alisubiri kamati iondoke.

"Bundi anakaa hapo," alisema. "Na viota vyote vitatu. Ninazo tarehe, ninayo saa ya kila ziara, na kila mara nimeandika jina lako. Ningesema, mama."

"Ungesema, leo zote tatu zingekuwa zenu."

"Sisi hatutaki ardhi."

"Hujui wanaokutuma wanataka nini," Kache alimwambia. "Wewe unajua unachotaka wewe."

Kama maneno ya Purity yangesaidia siku ile au yangeharibu, hakuna awezaye kusema. Kache mwenyewe amelifikiria mara nyingi na hajapata upande wa kuliegemeza. Alikusudia kuweka pingamizi, lakini Garama hakungoja siku sitini. Wiki ya pili alikuwa na watu watatu wenye misumeno pale pembeni, na mwezi haukuisha kabla tanuri la makaa halijafuka moshi. Mbambakofi mmoja ulitoa mbao, miti iliyobaki makaa. Hapakuwa na kitu tena cha kuwekea pingamizi. Garama alipanda mikorosho, yenye jua la kutosha, na akamletea shemeji yake gunia la makaa kwa heshima. Kache alilipokea, akampa mtu mwingine.

Ilipofika siku ya sitini na moja alikwenda Malindi kwenye ofisi ya ardhi. Karani alimsomea daftari: Kache, mjane wa Sanga, ekari kumi na nusu. Alishukuru, akatoka nje, akamwomba mwanamke asiyemjua aliyekuwa kwenye foleni aingie naye amsomee tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Siku hiyohiyo jioni aliingia kichakani akang'oa mikorosho yake arobaini. Ilikuwa imeshaanza kunyauka. Majani ya mirihi yalikuwa yameanza kuanguka juu ya mistari ya ufagio, na aliyaacha.

Lakini hajaacha kwenda. Tangu Novemba, kila mwezi, huingia na panga na kuzunguka ekari zote mbili na nusu, pamoja na sehemu ambazo zamani hakuwa na haja nazo, hata penye vijiti ambavyo havifai kwa fito wala kuni. Katika kila sehemu hukata shina moja, kwa kimo cha goti, mshazari. Fito nyingine hata hazibebi. Karatasi ya Purity hajaitia sahihi. Miche ameikubali ishirini tu: ililetwa hadi barabarani, na kuanzia hapo akaibeba na kuipanda yeye, Purity akiwa ameketi juu ya jiwe mikono mitupu, kama alivyoagizwa.

Mwezi wa Machi mwaka huu walihesabu tena. Walipata kiota kimoja cha sange, kipya, chini ya mgurure. Sauti ya bundi haijasikika tangu misumeno. Purity aliandika hayo. Kisha akainama kwenye shina lililokatwa karibuni, akatazama mbele akaona jingine, na jingine, akaandika zaidi. Kache akamwomba asome.

"Kiota kimoja," Purity alisoma. "Bundi, hakuna. Uharibifu: miti inakatwa, kiasi kidogo, kila mahali."

"Soma hilo la mwisho."

Purity alilisoma tena. Alieleza kwamba hana nia mbaya, ila fomu inamtaka aandike kila mti uliokatwa, na miti hii imekatwa bila haja, hata Kache mwenyewe haitumii. Kama angeiacha tu, kichaka kingepona haraka zaidi.

"Niliacha nusu ekari," Kache alisema. "Nenda kaitazame."

Haikuwa lazima kwenda. Kutoka pale waliposimama mikorosho ya Garama ilionekana, na mbele yake duara jeusi la tanuri. Purity alitazama huko, kisha akatazama shina lililokuwa mbele yake, na mshazari wake. Aliuliza basi aandike nini.

"Andika kwamba Kache amepita."

Purity alisema fomu haina nafasi ya hilo. Kache alimwambia aandike pembeni. Alisimama palepale mpaka ikaandikwa, akasomewa, kisha akatangulia kumwonesha njia ya kutokea.